Malalamiko Kuhusu Mtu Anayerudisha Majani Niliyokwisha Kufagia

Ixelles, Jumatatu, tarehe 8 Desemba

Kwa Papa Éliézer,
Président wa Kamati ya Bustani,
ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto.

YAH: MAJANI

Papa Président,

Salamu zangu zikukute umeketi, maana kwa haya nitakayoandika mtu aliyesimama atatafuta kiti.

Kwanza nijitambulishe, ingawa sioni kama ni lazima. Mimi ni Hénock, yule kijana anayeishi kwa mama yake mdogo, Maman Marie-Jeanne, ghorofa ya kwanza. Toka Lubumbashi mpaka Bruxelles, bila kuruka hata nchi moja katikati, hakuna mwanadamu anayejua kufagia kama mimi. Sijisifu, Papa, natoa taarifa. Kule kwetu Katuba nikimaliza kufagia kiwanja, kuku walikuwa wanapita pembeni kwa aibu ya miguu yao. Mwalimu wa hesabu alileta darasa zima kuja kutazama mistari ya ufagio wangu, ili watoto wajue mstari ulionyooka unafananaje. Siku moja mchungaji alipita akadhani ni sakafu ya saruji, akavua viatu. Shule niliishia darasa la tano la sekondari. La sita nilimwachia mtu mwingine aliyelihitaji zaidi. Lakini ufagio nina diploma yake, ila haijaandikwa tu.

Bon. Sasa nieleze jambo.

Wewe mwenyewe, kabla ya kwenda kwa binti yako Liège, ulibandika tangazo kwenye mlango wa bustani yetu ya nyuma: «Kila mpangaji atayarishe sehemu yake kwa ajili ya hiver, yaani majira ya baridi, kabla ya mwisho wa Novemba.» Ulitia sahihi na muhuri. Wengine walisoma wakapita. Mimi nilisoma nikavua koti.

Katika sehemu ya Maman, unajua, kitu cha maana ni kimoja tu: ule mgomba. Hauzai ndizi za kulika, ndizi zake ni kama vidole vya mtoto mchanga, na mbegu ndani. Kazi yake ni majani. Maman aliupanda mwaka aliofika nchi hii, ulikuwa na kimo cha kijiko. Leo ukisimama karibu nao ni wewe unayetazama juu. Kila kiangazi anakata jani, analipitisha motoni, anafungia samaki, na jengo zima linajua leo kwa Marie-Jeanne kuna samaki. Na mwaka ujao, mwezi wa saba, binti yake Hadassa anaolewa. Maman ameshatangaza mbele ya familia zote mbili: wakwe, wazee kumi na wawili, hawatakula samaki aliyefungwa kwa majani ya duka la Chaussée de Wavre. Watakula kwa majani ya mgomba wa nyumbani. Amelisema hilo kanisani pia. Kwa hiyo mgomba ule si mti tena, ni ahadi.

Ndipo nilipojiapiza. Mwanamke huyu alinipokea stesheni ya treni, Gare du Midi, mwaka jana akiwa na koti mkononi, akanivika kwanza, akafunga vifungo vyote mpaka kidevuni, ndipo akanisalimia. Nitamlipa nini mimi, mwenye masomo ya kufunga mabomba ambayo hata bomba moja sijafunga bado? Nikasema: mgomba wake nitauvusha hiver kwa mikono yangu, kimya kimya, bila yeye kujua. Siku ya harusi, samaki wakiwa mezani, nitasimama, nitaomba kipaza sauti, nitaeleza. Watu watalia. Nilikuwa nimeshachagua na suti.

Mpango ulikuwa rahisi. Maman anatunza wazee katika nyumba moja ya wazee. Anatoka alfajiri, anarudi mchana. Mimi ninaanza masomo mchana, narudi jioni. Asubuhi yote bustani ni yangu. Na kutayarisha shamba kwa baridi ninajua toka tumboni: kwetu baridi inaingia mwezi wa sita na wa saba, asubuhi mdomo unatoa moshi. Unafanya nini? Unafagia majani yote mpaka udongo ung'ae. Unachoma taka. Unachimba beseni kuzunguka mgomba, mizizi ipumue, halafu unamwagia maji ya vyombo, kwa sababu baridi ni ukame. Basi. Bibi yangu alifanya hivyo, na migomba yake ilikuwa inapigiwa saluti na polisi. Baridi ni baridi.

Nilifanya yote hayo, Papa. Na hapa ndipo malalamiko yangu yanapoanza. Nimeyapa namba ili usipotee.

1. KUHUSU MAJANI YENYEWE. Tarehe 12 Novemba nilifagia kwa ule ufagio wangu wa njiti, ule mfupi, unaokufanya uiname kama mtu anayeomba msamaha. Nilijaza magunia saba ya majani yaliyomwagwa na mti wa jirani, nikayashusha kwenye chumba cha chini pamoja na baiskeli. Bustani ikabaki tupu, nyeupe, safi kama kichwa cha askari mpya. Jioni narudi: majani yamerudi.

Najua utasema: Hénock, ni upepo. Papa, mimi na majani tunafahamiana. Jani lililoanguka lenyewe linalala ovyo, mguu huku, mkono kule, kama mtu aliyetoka kwenye sherehe. Haya yalikuwa yamepangwa. Yalikuwa yamerundikwa kuzunguka shingo ya mgomba, yakapigwapigwa kwa kiganja, yakatulia kama wanafunzi mbele ya mkurugenzi. Upepo hauna viganja.

Nikafagia tena. Yakarudi tena. Nikafagia, yakarudi, na kila yakirudi ni mengi kuliko jana. Siku kumi na tisa, Papa Président! Nimehesabu kwa mkaa kwenye ukuta wa chumba cha baiskeli, nenda ukaone.

Wewe ni mtu wa Likasi, Katanga kama mimi, sina haja ya kukufundisha maana ya jambo hili. Kwetu kiwanja chenye majani kinasema na wapita njia. Kinasema: hapa ndani wamelala mpaka sasa. Hapa kuna mgonjwa. Hapa walihama. Hapa nyoka anaishi bila kulipa kodi. Kumtupia mtu majani kwenye kiwanja alichokwisha kufagia ni kumtukana mama yake, na hapa mama mwenyewe ni Maman Marie-Jeanne, mwimbaji wa sauti ya kwanza. Sitaki kutaja jina la mtu kabla ya kikao.

Ni Papa Désiré wa chini.

Dirisha lake linatazama bustani uso kwa uso. Kila asubuhi nikifagia yeye yuko pale na kikombe, anatabasamu kama mtu anayejua matokeo ya mechi. Siku ya tatu akafungua dirisha, akaniambia kwa kile Kiswahili chao cha Bukavu: «Weye kijana, acha ile majani! Majani njo blanketi ya udongo.» Nikamjibu kwa adabu zote kwamba kwetu udongo haulali na blanketi, unalala na heshima. Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mtu asiye na hatia anacheka hivyo? Watu wa Bukavu wanajivunia baridi ya milima yao kana kwamba waliichonga wenyewe. Lakini hata baridi ina wenyewe wanaoielewa, na wako Katanga.

2. KUHUSU MAITI. Nakuomba hapa ushike kitu. Tarehe 20 Novemba naingia bustanini asubuhi na ufagio wangu, nauona mgomba umevikwa. Nyasi kavu kwanza, juu yake gunia, juu ya gunia blanketi, na kamba mahali patatu: miguuni, kiunoni, shingoni. Umesimama pale kwenye ukungu. Papa, nimekua katika nyumba ya sala. Ukiona kitu kimefungwa blanketi, kina kimo cha mtu, kimesimama bustanini hakisemi, huulizi maswali. Niliomba dakika ishirini. Nilikemea kwa Kiswahili, nikakemea kwa Kifaransa pia, kwa sababu tuko Ulaya na huwezi kujua pepo wa huku wanasikia lugha gani. Hakikusogea. Ndipo nikafungua.

Blanketi nikalitambua mara moja: la rangi ya maziwa, lina simba anayetazama pande mbili kwa wakati mmoja. Toka mwaka jana simba yule yuko dirishani kwa Papa Désiré, anapigwa jua. Ushahidi gani mwingine unataka? Alama za vidole vya simba?

Mtu mwingine angelichoma lile blanketi. Mimi nililelewa. Nililifua kwa mkono, nikalikausha, nikalikunja, nikalitundika kwenye kitasa cha mlango wake na kikaratasi kilichosema: «Papa, simba wako amepotea njia. Mgomba wa nyumba yetu si mgonjwa.» Sikutia jina, kwa unyenyekevu.

Toka siku hiyo Papa Désiré hasalimii mtu wa ghorofa ya kwanza. Yeye aliyekuwa akimbebea Maman mifuko kutoka sokoni mpaka mlangoni, akisema «ni mazoezi, ni mazoezi» huku anahema kama treni! Sasa akimwona kwenye ngazi anatazama sanduku la barua. Na Maman naye amekuwa hivyohivyo. Juzi, tunakula, akaniuliza: «Hénock, mutoto yangu, ni nani anaingiaka mu jardin, kwa mugomba?» Nikamwambia ukweli kama nilivyokuwa nao: «Ni Papa Désiré, Maman. Kila siku.» Akafunika mchuzi. Kisha akasema: «Bon.» Maman akisema bon peke yake, bila neno nyuma yake, hata sufuria inajua ikae vizuri.

Tazama basi, Papa Président, jinsi majani ya mtu mmoja yanavyovunja salamu za jengo zima.

3. KUHUSU BESENI LA MAJI. Jumamosi ya tarehe 29, Maman akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilitaka kuchoma majani kidogo, kama inavyotakiwa. Nasema kidogo. Moto ulikuwa na ukubwa wa sahani ya mtoto. Moshi ulikuwa mkubwa kuliko moto, hilo nakubali, na ulielekea kwenye nguo za watu, hilo ni la moshi, si langu. Mara dirisha la chini likafunguka na beseni zima la maji ya vyombo likatoka. Sehemu ndogo ilikwenda kwenye moto. Iliyobaki niliipokea mimi.

Akapiga kelele: «Hapa si Katuba!»

Nami nikamwambia: «Hata Bukavu si hapa!»

Akafunga dirisha. Halafu akalifungua tena, akasema, «Na ukohoe mbali!» akalifunga. Ningestahimili hata hayo. Lakini kwenye dirisha la ghorofa ya nne alikuwepo Jémima, yule anayesomea uuguzi. Jémima anajua, kwa sababu nilimwambia mwenyewe, kwamba mimi ni msimamizi wa mafundi kumi na wanne. Aliniona na wali sikioni. Alisema tu, «Ah, chef,» akashusha pazia. Jeraha hilo, Papa, kamati yako haina dawa yake, lakini liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

4. KUHUSU MNYAMA. Katika rundo la majani karibu na ua nilikuta mnyama mdogo, duara, mwenye miiba, amelala. Nasema Papa Désiré anafuga. Kwa nini mtu afuge mnyama wa miiba ndani ya majani ya jirani, mimi sijui, lakini sidhani ni kwa ajili ya nyama. Nilimpa bukari, ule ugali wetu, akakataa. Kwa hiyo si wa kwetu. Nilimhamishia upande wa Papa Désiré pamoja na rundo lake, ili baba na mtoto wasitengane.

5. Kahawa yake anainywa kwa sauti.

Papa Président, hayo ndiyo malalamiko. Sasa unisikilize maombi, nayo si makubwa kwa mtu mwenye muhuri.

Naomba kwanza Papa Désiré aitwe kikaoni, akae kwenye kile kiti chenye mguu mbovu, aulizwe anatoa wapi majani mengi kiasi kile, maana mti wa jirani ulikwisha kubaki mifupa toka katikati ya Novemba. Akikosa jibu, ahamishiwe chumba kinachotazama barabarani, awe anatabasamia mabasi. Pili, naomba uandikie wakuu wa mji barua yenye heshima, uwaulize kwa nini miti ya hapa inaruhusiwa kumwaga majani yote kwa mwezi mmoja kama mtu anayekimbia deni, wakati miti ya Lubumbashi inaangusha jani moja moja, kwa adabu, mtu apate muda wa kufagia. Wapewe ratiba: mti huu Jumatatu, ule Jumanne. Wakikataa, basi majani yafungwe kwa uzi toka mwezi wa tisa. Nimepiga hesabu, kwa mti mmoja ni siku nne tu za kazi, na mafundi kumi na wanne ninao. Tatu, wakishindwa hata hilo, hiver yenyewe ipelekwe mwezi wa sita na wa saba, inakokaa kwetu, watu wakiwa likizo na wana nafasi ya kuishughulikia. Najua italeta shida kidogo na harusi ya Hadassa, lakini tutavaa makoti. Nne, nipewe cheo. Sitaki kikubwa. «Mkurugenzi wa Usafi wa Ardhi» kinatosha, na kibandikwe kwenye mlango wa bustani kwa maandishi yanayoonekana kutoka ghorofa ya nne.

Kwa sababu kazi, Papa, nimefanya. Ukirudi utaona mwenyewe. Mgomba uko wima, uchi kama siku uliyozaliwa, hauna nyasi, hauna gunia, hauna simba. Nimeuchimbia beseni pande zote, kina chake kidole mpaka kiwiko, mizizi imetoka nje inapumua hewa ya Ulaya. Kila asubuhi nauwekea ndoo mbili za maji ya vyombo, nikishamaliza kuondoa majani ya yule bwana. Jana Jumapili ilikuwa baridi ile ya kukata masikio, na beseni likaganda lote, likawa kioo. Uliona wapi mgomba unajitazama kwenye kioo kama bibi harusi? Nilipiga picha. Majani yake yamegeuka rangi ya kahawia kidogo na kuinama, ni unyenyekevu tu wa msimu.

Kwa heshima nyingi naacha kalamu. Msalimie binti yako wa Liège na mume wake, na wale mapacha, hasa yule mnono. Msalimie Maman, mke wako, umwambie ile karanga yake ya unga bado inazungumzwa. Wasalimie wajumbe wote wa kamati, waliolipa ada na wasiolipa. Papa Désiré usimsalimie, au msalimie kidogo tu.

Ni mimi mwenye ufagio,

HÉNOCK
Ghorofa ya kwanza

N.B. Leo ni Alhamisi, tarehe 11. Barua hii haikuingia chini ya mlango wako Jumatatu kwa sababu nilitaka kwanza kuongeza ushahidi wa macho. Leo mwalimu wetu wa mabomba ameumwa, tumerudishwa nyumbani. Nikasema: huyu ndiye Mungu. Nikajificha nyuma ya mapipa ya taka, mchana kweupe, na simu mkononi tayari kupiga picha.

Mlango wa bustani ukafunguka. Hakuwa Papa Désiré.

Alikuwa Maman. Alikuwa bado na lile gauni la kazi chini ya koti, na gunia mgongoni. Gunia langu, Papa, mojawapo ya yale saba. Siku zote hizi majani yalikuwa yaleyale: mimi nayashusha chini asubuhi, yeye anayapandisha mchana, nami nilihesabu siku kwa mkaa, magunia sikuyahesabu. Akapiga magoti kwenye lile tope langu. Akaanza kuyapanga kuzunguka mgomba kwa mikono miwili, anayapigapiga kwa kiganja, na anausemesha: «Lala, mama. Lala. Usiogope, miye niko.»

Nilitoka nyuma ya mapipa. Hakushtuka, alifurahi. Akaniita: «Kuya, Hénock, kuya uone vile banafanyaka huku!» Akanieleza yote. Kuna bibi mmoja wa Kibelgiji ambaye Maman anamwogesha kazini, ana miaka tisini na nne, mume wake alikuwa na mgomba wa aina hii. Alimfundisha: huku hiver inakuja na maji, si na ukame. Kinachoua ni maji yanayoganda kwenye mizizi. Kwa hiyo unafunika, unavisha, unaweka majani mengi mpaka shingoni, na mti unalala mpaka mwezi wa nne. Lile blanketi la simba Papa Désiré alimpa kwa mkono wake mwenyewe, akamsaidia kufunga hata kamba. «Halafu akairudisha kwake bila kuniambia kintu,» Maman akasema. «Na majani anaondoaka kila siku. Hata shimo alichimba. Nilimukosea nini ule muntu, Hénock?»

Mimi nilishika gunia, nikamkung'utia majani yaliyobaki.

Kwa hiyo, Papa Président: malalamiko namba 1, 2 na 3 yafute. Namba 4 ifute pia, mnyama nimekwenda kumtazama, bado amelala. Namba 5 iache, kahawa anainywa kwa sauti kweli. Maombi yote manne yafute, hata cheo. Ningeweza kuichana barua hii na kuandika nyingine nzuri, lakini mtu anayefagia vizuri hasukumi taka chini ya mkeka. Nikishaiweka chini ya mlango wako nitashuka kwa Papa Désiré, nimwambie nani aliandika kile kikaratasi. Akinimwagia beseni jingine nitalipokea. Kisha nitapanda kwa Maman, nimwambie pia. Ni ngazi kumi na saba. Nimezihesabu mara tatu leo na bado sijazipanda.

Maana liko jambo moja sijalisema, wala Maman halijui. Alipomaliza aliusugua mgomba kwa kiganja kama unavyomsugua mtoto mgongo, akasema tazama, umelala vizuri, mwezi wa saba wakwe watakula. Akaingia ndani kupika. Nami nikapitisha mkono chini ya majani, nikavunja barafu iliyobaki kwenye beseni langu, nikalibonyeza shina. Kidole kiliingia chote, bila kusukuma. Likatoka maji yenye harufu. Nikagusa mizizi ile niliyoitoa nje ipumue. Ilikuwa laini kama ndizi iliyosahauliwa mfukoni.

Nimerudisha majani yote. Magunia saba, mpaka jani la mwisho, nimeyapanga na kuyapigapiga kama alivyonionyesha. Kwa macho huwezi kujua. Maman anasema umelala. Haujalala, Papa. Niliuua mimi.